Kutoka Karakana Hadi Chuo Kikuu

Asubuhi, karakana ya kuchomelea vyuma. Kijana anashusha kinyago, cheche zinaruka, nondo mbili zinashikana. Mwisho wa mafunzo atapata cheti cha VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na wazazi wengi hudhani masomo yake yameishia hapo.

Bado! Ufundi stadi una ngazi tatu. Mwenye ngazi ya tatu anaweza kuomba masomo ya stashahada, na stashahada yenye wastani wa alama (GPA) wa 3.0 humruhusu kuomba shahada, hata kama kidato cha nne hakupata pasi nne. Habari hii inastahili kufika kila kijiji.

Na fundi aliyejifunzia gereji, chini ya mwembe? VETA humpima kazini, akifaulu humrasimishia ujuzi kwa cheti.