Kujua Pa Kukomea: Mafunzo kwa Makocha wa Kazi na Maisha

Mada kwa semina ya walimu walezi, wauguzi na viongozi wa vikundi, Tosamaganga



Nianze na meza. Siku ya kwanza ya mafunzo yangu ya unasihi, mkufunzi aliingia katika chumba tulichokiandaa kwa mazoezi, akaitazama meza iliyokuwa kati ya viti viwili, akaisukuma mpaka ukutani. Kisha akavigeuza viti kidogo, visitazamane kama vya polisi na mtuhumiwa. Nilikuwa nimeshawashauri watu kwa miaka kadhaa, kanisani na mtaani, na miaka yote hiyo niliketi nyuma ya meza. Ndipo nikaelewa kwa nini wengi walinijibu "ndiyo, nimekuelewa", wasirudi tena.

Siku hizi makocha wa maisha na wa kazi ni wengi, Iringa hadi Mbeya. Wanaalikwa maofisini, kwenye VICOBA, kwenye mahafali. Wengi wana nia njema. Lakini muuguzi anasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na akikosea anaitwa kujieleza. Kocha anahitaji simu na kipaza sauti tu. Namfahamu dada mmoja aliyeambiwa ukumbini kwamba mshahara ni utumwa. Akaacha kazi mwezi uleule, akakopa mtaji, na mtaji ukaisha kabla ya mvua. Aliyemwambia hayo hakumuuliza anasomesha watoto wangapi wala anadaiwa na nani. Mpaka leo hajui yaliyompata.

Wapo wanaosema: mbona kungwi hakuwa na cheti? Kweli hakuwa nacho, lakini alifundwa kabla ya kufunda. Alimfuata mkubwa wake, akatazama, akakosolewa, hadi akaachiwa mwari. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, nalo halitoi hati ya ngazi ya kwanza kabla mtu hajatimiza saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi yenyewe. Wazo ni lilelile.

Sisi wa Iringa hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007-08 ulikuta karibu watu 16 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani kwetu wanaishi na VVU, wakati ule Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa. Hakuna mkoa uliotuzidi. Washauri nasaha waliobeba mzigo ule walikuwa watu wa kawaida kama sisi, ila walifundishwa. Kabla ya kipimo walijua kuuliza: "Jibu likija hivi, utamwambia nani kwanza?" Halafu walinyamaza. Kunyamaza kule ni kazi ngumu, jamani! Mteja anatazama dirishani, anavuta pumzi, na wewe maneno yanakuwasha mdomoni. Asiyefundishwa huwahi kuyatoa, na mara nyingi anakuwa amelikatiza lile lililokuwa njiani kutoka.

Nitakaa zaidi kwenye jambo moja linaloniumiza. Watani wetu sisi Wahehe wa Iringa hututania kwamba Mhehe akiudhika hakawii kujitoa uhai. Tunacheka, tunapita. Lakini mfanyakazi asiyelala wiki tatu, aliyeacha kula, anayegawa vitu vyake, hahitaji kuambiwa "jiamini, amka saa kumi na moja, andika malengo". Huenda ana sonona, na sonona ni ugonjwa. Kocha aliyefundishwa humuuliza waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humpunguzia upweke. Kisha anakiri kwamba hapa ndipo kazi yake inapokoma, hamwachi peke yake, na anamsindikiza hospitali. Hospitali ya Tosamaganga ipo papa hapa, na yakizidi kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma. Hakuna kipaji kinachomfundisha mtu pa kukomea.

Kazini kuna mtego mwingine: kocha analipwa na mwajiri, lakini anayefungua moyo ni mwajiriwa. Wiki inayofuata bosi anauliza, "Alisemaje yule?" Ukisema umemuuza, ukinyamaza bila makubaliano, utaonekana mkaidi. Ndiyo maana makubaliano huwekwa kabla ya kikao cha kwanza, wote watatu wakiwepo: kipi kitaripotiwa, kipi ni siri, na hatari gani italazimu siri ivunjwe. Hili halijadiliwi mlangoni wakati wa kuagana.

Baada ya chai tutakaa wawiliwawili. Mmoja atasimulia tatizo dogo la kweli kwa dakika tano. Mwenzake ataruhusiwa kuuliza tu, asitoe ushauri hata mmoja, wala asiseme "hata mimi yalinikuta". Naomba vijana watusaidie kuzitoa meza.