Ramani ya Mawazo Ichorwayo na Wengi



Nimetakiwa na waandalizi wa semina hii niseme juu ya ramani za mawazo zichorwazo mtandaoni na watu kadha kwa pamoja. Na kwa kuwa wengi wa hadhara hii ni watungaji wa kamusi na wahariri wa vitabu, ambao wenzi wao wa kazi wametawanyika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, sikuona laiki kusimama mbele yenu kusifu programu moja na kuishutumu nyingine. Nitasema jambo moja tu, ambalo kwa rai yangu halijatiwa maanani vya kutosha: ramani hii iliwekewa kanuni kwa ajili ya mtu mmoja na kumbukumbu yake, na jamaa ya watu wakiichukua na kanuni zake zote kama zilivyo, aghalabu huishia kwenye mchoro wa kupendeza ambao kila mmoja wao ameufahamu kwa namna yake.

Kupanga ilimu kwa umbo la mti ni ada kongwe. Mwanafalsafa Porphyry wa Tiro, wa karne ya 3, aliyaeleza mafungu ya vitu kwa mpango ambao wasomi waliomfuata waliuchora kama mti wenye shina na matawi. Lakini sura tuijuayo leo ilienezwa na Mwingereza Tony Buzan, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2019, hasa baada ya vipindi vyake vya televisheni ya BBC vya mwaka 1974. Aliagiza picha iwekwe katikati ya karatasi iliyolazwa, matawi yapindwe na yakonde kadiri yanavyotoka shinani, rangi zitumike kwa wingi, na juu ya kila tawi liandikwe neno moja tu. Kwa mwanafunzi ajiandaaye kwa mtihani, neno moja latosha, kwa sababu aliyeliandika ndiye atakayelisoma.

Tuseme sasa watu sita wanakusanya istilahi za jahazi. Katikati wameandika jina la chombo chenyewe. Tawi moja limechukua mwili wake, yaani mkuku, mataruma, omo na tezi. Jingine mlingoti na tanga, pamoja na foromali na henza. Jingine nahodha, serahangi na mabaharia. Jingine kaskazi na kusi. Yule aliyeko Dar es Salaam anaandika "mafuta", naye anakusudia dizeli, maana majahazi mengi siku hizi yametiwa mashine. Mwenziwe wa Unguja akilisoma neno hilo anafahamu sifa, mafuta ya papa yapakwayo mbao, na chini yake anaongeza deheni na chokaa. Hakuna aliyekosa, wala hakuna aliyegombana na mwenziwe, na hapo ndipo penye hatari, kwani katika baraza la ana kwa ana mmoja wao angaliuliza, "Mafuta gani, bwana?", na shaka ingaliondoka papo hapo. Kwa hiyo kanuni ya neno moja naitengua bila ya soni. Jamaa iandike sentensi fupi, au neno lenye maelezo yaliyofungamanishwa nalo, jambo ambalo takriban programu zote huliruhusu.

Tena kuna kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao. Je, ikae katika mwili wa chombo au katika kazi za mafundi? Mti humtaka kila mtoto awe na mzazi mmoja, na mambo ya dunia hayakubali sharti hilo. Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyetunga pamoja na wenziwe ramani za dhana katika miaka ya 1970, aliacha mistari ikutane popote inapopasa, akaandika juu ya kila mstari maneno yanayoeleza uhusiano. Programu za leo huturuhusu kuvuta mshale kutoka tawi hadi tawi. Mshale huo naomba usiachwe bubu, uandikiwe "huzuia maji" au "hufanywa na fundi", ili msomaji asibaki kubahatisha.

Huenda mtu akauliza: ikiwa taabu ni hizo, ya nini kuuacha mkutano wa kawaida? Jawabu ni kwamba mkutano nao una ila zake. Alex Osborn, Mmarekani wa kazi ya matangazo ya biashara, alishika katika kitabu chake cha mwaka 1953 kwamba watu wakikutana na kumwaga mawazo bila ya kulaumiana, watapata mengi kuliko wangalivyopata kila mtu peke yake. Mwaka 1958 watafiti Taylor, Berry na Block wa Yale walilipima dai hilo, wakakuta kwamba watu wanne waliofikiri mbalimbali, mawazo yao yakijumlishwa, waliwashinda wanne waliokaa pamoja. Nao Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba sababu kubwa ni kungoja zamu: mmoja akisema wengine hunyamaza, na katika kunyamaza fikra huwapotea. Kwetu sisi iko na sababu ya pili, nayo ni staha. Mkuu wa kazi akitangulia kutoa shauri, kijana aliyekuwa na shauri jingine hulimeza, akasema tu kwamba mzee amekwisha maliza.

Ramani ya mtandaoni huiondoa zamu, kwa kuwa wote huandika kwa wakati mmoja. Kuliwezesha hilo si jambo dogo. Mimi nikiongeza tawi la tatu na wewe, katika nukta ile ile, ukaongeza la tatu lako, kompyuta zetu zitakuwa na ramani mbili zinazohitilafiana. Clarence Ellis na Simon Gibbs, katika makala yao ya mwaka 1989 juu ya GROVE, programu ya jamaa kuandika mpangilio wa hoja, walieleza namna ya kulirekebisha kila badiliko kwa kulipima na mengine yaliyotangulia kabla halijafika, hata nakala zote zikalingana. Juu ya misingi ya jinsi hiyo zimekuja huduma kama MindMeister, iliyoanza mwaka 2007.

Lakini staha haiondoki kwa mashine. Programu nyingi huonyesha jina na rangi ya kila aandikaye, na kijana aonapo jina la mkuu wake likitembea juu ya kioo hurudi katika kimya chake cha zamani. Dawa niionayo ni kwamba kila mtu kwanza achore ramani yake faraghani kwa robo saa, kisha mwendeshaji aziunganishe; na haki ya kufuta apewe mtu mmoja anayejulikana, wengine waongeze na kuuliza tu.

Limebaki suala la hifadhi. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1939. Kazi ndefu kama hiyo, ya miaka tisa, haifai kuachwa yote mikononi mwa kampuni iwezayo kupandisha ada au kufunga milango. Kila mwisho wa wiki nakala itolewe na kuwekwa kwetu, ikiwezekana kwa mtindo wa FreeMind, ambao ni maandishi ya XML yanayosomeka hata bila ya programu yenyewe, na Freeplane pia huyafungua.

Alasiri, baada ya sala na chakula, tutaijaribu ramani ya jahazi katika makundi matatu. Matawi manne niliyoyataja yamekwisha wekwa. Shehena na biashara sikuyatia, maana sijaamua kama yawe tawi la tano au yagawanywe kwa yale manne, na ningependa kusikia hoja za waliotoka Lamu kabla ya mtu yeyote kuyagusa.