Masjala Ndani ya Kompyuta: Kupanga Mafaili na Kutunza Nafasi ya Diski

Mada kwa walimu wakuu, watendaji wa vijiji, wahudumu wa zahanati na makatibu wa AMCOS, Ndalambo, Wilaya ya Momba



Katika ofisi zetu nyingi za kata na vijiji, karatasi inatunzwa kuliko kompyuta. Jalada lina namba, barua zimetobolewa na kufungwa kamba, kila folio imeandikwa namba yake kwa kalamu, na mtu akiliazima anaandikwa kwenye daftari. Ukiwasha kompyuta iliyo juu ya meza hiyohiyo, unakuta faili la kwanza linaitwa "Document1", la pili "barua mpya", la tatu "barua mpya ya mwisho", la nne "barua mpya ya mwisho sahihi". Aliyeyaandika ndiye peke yake anayejua lipi lilisainiwa. Siku akihamishiwa Ivuna au Kamsamba, anayempokea anakabidhiwa mashine nzima, lakini taarifa hazionekani.

Msimamo wangu katika mada hii ni huu: faili la ofisi ni mali ya ofisi, na limepangwa vizuri pale tu ambapo mtu mwingine anaweza kulipata bila kumpigia simu mwenye kompyuta. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haikuishia kwenye karatasi. Muhtasari wa mkutano wa kijiji uliochapwa kwenye kompyuta ni kumbukumbu ya umma sawasawa na ule ulioandikwa kwa mkono. Tunao utaratibu wa masjala tuliourithi na tunaoufahamu. Kazi iliyobaki ni kuuingiza kwenye kompyuta.

Faili linakaa wapi

Kompyuta inapouliza pa kuhifadhi kazi, wengi wetu tunabonyeza kukubali bila kusoma. Barua inaingia Documents, kilichopakuliwa mtandaoni kinaingia Downloads, na tunachotaka kukiona upesi tunakiweka Desktop. Kwa kawaida sehemu zote tatu zimo ndani ya diski C, kwenye folda inayoitwa Users, chini ya jina la mtumiaji. Desktop inaonekana kama uso wa mashine, lakini ni folda tu kama folda nyingine.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya safari za Tunduma. Kompyuta ikianza kusumbua tunaipeleka kwa fundi "aipige Windows" upya. Fundi anafuta C ili aweke mfumo mpya, na asipoambiwa mapema, Desktop yote inaondoka pamoja na matokeo ya mitihani na orodha za wakulima. Kwa hiyo kompyuta isitoke mlangoni kabla mafaili ya ofisi hayajanakiliwa kwenye kifaa kingine.

Mafundi wengine wanagawa diski kuwa C na D, kisha wanamshauri mteja aweke kazi zake D. Ni ushauri mzuri, kwa maana Windows ikipigwa upya D inaweza kubaki salama. Ila C na D hizo ni kifaa kimoja kilichogawanywa. Diski ikifa zinakufa zote mbili, hivyo nakala iliyo D isihesabiwe kuwa akiba.

Folda na majina

Fungueni folda moja kuu yenye jina la ofisi. Ndani yake wekeni miaka, na ndani ya kila mwaka wekeni shughuli. Shule ya msingi inatosha kuwa na TAALUMA, FEDHA, MIUNDOMBINU, KAMATI YA SHULE na BARUA, na ndani ya BARUA folda mbili, ZILIZOINGIA na ZILIZOTOKA. AMCOS itahitaji WANACHAMA, MAPOKEZI YA MAZAO, MALIPO na MIKUTANO. Msichimbe zaidi ya ngazi tatu au nne. Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi mwisho wa jina, na folda zenye majina marefu zilizotumbukizwa moja ndani ya nyingine zinaweza kugoma siku ya kunakiliwa.

Jina la faili lianze na tarehe, tena kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku: 2025-08-14_Muhtasari_Kamati-ya-Shule. Kompyuta inapanga majina kwa kuanzia kushoto. Ukianza na siku, muhtasari wa tarehe 14 Agosti utakaa jirani na wa tarehe 14 Januari, na mfuatano wa mwaka mzima utavurugika. Ukianza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe kama folio kwenye jalada. Kwa barua rasmi, ongezeni namba ya kumbukumbu. Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili, kwa hiyo mikwaju yote ya "Kumb. Na." igeuzwe kuwa vistari.

Rasimu ziitwe R1, R2, R3. Barua ikishasainiwa, iskaniwe, ihifadhiwe kama PDF yenye neno SAINI mwishoni, na rasimu zifutwe. Hapa ndipo "mwisho sahihi" inapokoma kutusumbua.

Nani anajaza diski

Si barua. Barua ya ukurasa mmoja inaweza kuwa na KB 50 hivi. Picha moja ya simu mara nyingi ni MB 3 hadi 5, na video ya dakika moja yenye ubora mzuri inaweza kupita MB 100. Maana yake video moja ya dakika kumi inakula nafasi ambayo ingebeba barua 20,000. Mtu anayefuta barua za mwaka jana ili apate nafasi, huku video za harusi na za magrupu ya WhatsApp zimo ndani, anafuta kumbukumbu za wananchi bila kupata nafuu yoyote.

Fungua This PC utazame mstari ulio chini ya diski C. Ukigeuka mwekundu, nafasi iliyobaki ni chini ya asilimia 10. Windows hutumia sehemu ya diski kusaidia kumbukumbu ya muda na kuandika mafaili ya muda, ndiyo maana diski ikijaa mashine inakuwa nzito na masasisho yanagoma. Jitahidini ibaki walau asilimia 15. Anzeni na Downloads: yapangeni mafaili kwa ukubwa, makubwa juu, na mengi yatakuwa video na programu zilizokwisha sakinishwa. Folda za Windows na Program Files msiziguse kabisa, hata kama zinaonekana kubwa.

Faili unalofuta kwenye kompyuta linakwenda kwanza Recycle Bin, na nafasi hairudi mpaka pipa hilo limwagwe. Kwenye flashi ni tofauti: ukifuta, limekwenda moja kwa moja. Likitokea kwa bahati mbaya, acheni kuitumia flashi hiyo papo hapo na mwoneni fundi, kwa sababu mara nyingi data huwa bado ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Hapo hapo kwenye flashi: ukinunua ya GB 32, kompyuta itaonyesha karibu GB 29.8. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inaihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Wizi ni ule wa flashi inayodai TB 2 kwa bei ya flashi ya GB 16. Hizo zimechezewa ndani ili zitangaze ukubwa zisiokuwa nao. Zinapokea mafaili bila malalamiko, na ukija kuyafungua unakuta yameharibika.

Nakala

Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Hifadhi iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walikuwa wakiweka kazi zao, iliteketea na TB 858 za mafaili, na haikuwa na nakala mahali pengine. Nchi ile ina umeme wa uhakika na mafundi tele. Kilichokosekana ni nakala ya pili.

Kanuni inayofuatwa duniani inaitwa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na jengo. Kwa Ndalambo naiona hivi: ya kwanza iko kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini na kutolewa kila Ijumaa, ya tatu mtandaoni au katika ofisi nyingine. Google Drive inatoa GB 15 bure, nazo zinagawanywa na barua pepe na picha za akaunti hiyohiyo. Kwa kuwa barua ni nyepesi, bando dogo linatosha kuzipandisha za wiki nzima. Kwa nyaraka za serikali, mwulizeni kwanza Afisa TEHAMA wa Halmashauri ni hifadhi ipi inaruhusiwa.

Flashi isiwe hifadhi ya kudumu. Kazi yake ni kubeba.

Na inapobeba hadi steshenari, iwe na faili moja tu linalokwenda kuchapwa. Flashi ikirudi na mafaili yote yamegeuka vijialama vya mkato, usiiformati: mara nyingi ni kirusi kilichoyaficha tu, na fundi anaweza kuyarejesha. Lililo zito zaidi ni nakala inayobaki kule. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na orodha ya wagonjwa wa zahanati au ya wazazi na namba zao za simu haina ruhusa ya kubaki kwenye kompyuta ya dukani. Simameni pale mpaka faili lifutwe, na pipa limwagwe mbele yenu.

Makabidhiano

Hati ya makabidhiano inataja meza, viti, mhuri na majalada. Naomba kuanzia sasa itaje pia folda kuu na mahali ilipo, diski ya nje na aliye na ufunguo wa kabati, akaunti ya ofisi na nywila zake, ambazo mpokeaji azibadilishe siku hiyohiyo. Akaunti iliyofunguliwa kwa namba ya simu ya mtumishi binafsi ihamishiwe namba ya ofisi kabla hajaondoka. Baada ya hapo hata nywila haitasaidia kama mfumo utatuma msimbo wa uthibitisho kwenye simu iliyoko Kamsamba.

Kwa kazi ya mchana, kaeni wawili wawili na mbadilishane kompyuta. Kila mmoja atafute kwenye mashine ya mwenzake muhtasari wa kikao cha mwisho uliosainiwa, na mwenye mashine asiseme neno. Mashine ambazo muhtasari wake hautapatikana ndani ya dakika tatu ndizo tutakazoanza nazo kufungua folda.