Songa Kidogo, Mama

Msikilizaji, siku ya soko hapa Ogembo, tazama Probox ya kwenda Kisii ikijazwa: watu wanne nyuma, wawili mbele, mwingine anagawana kiti na dereva, na gia inatafutwa katikati ya magoti. Kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka kila abiria wa matatu awe na kiti na mkanda wake, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa hivyo makanga akisema, “Songa kidogo, mama,” kataa, tena kabla hujalipa. Nauli ikishaingia mfukoni mwake, hakusikii. Bodaboda nayo huruhusiwa abiria mmoja tu. Kofia ya kinga idai, hata ikinuka jasho.