Upepo wa Usiku wa Manane

Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, upepo hauangalii saa. Huvuma kwa nguvu zaidi usiku, wakati Wakenya wengi wamezima taa. Hapo gridi hubaki na umeme usio na mnunuzi, na kule Olkaria mvuke wa jotoardhi, uliochimbwa kwa gharama kubwa, huachiwa upotee hewani. Jioni inayofuata, kila nyumba ikiwasha taa na televisheni, mitambo ya mafuta huitwa kuokoa jahazi.

Kujenga tunajua. Kupanga ndiko kunatushinda. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, huko huko Loiyangalani, yenye megawati 310, ilisimama tayari mwaka 2017 ikakaa zaidi ya mwaka ikisubiri laini ya kufikisha umeme wake kwenye kituo cha gridi cha Suswa, kilomita zaidi ya 400. Mradi ulilipwa fidia kwa ucheleweshaji huo, na mlipaji mwishowe ni mwananchi.

Kurekebisha mpango, ningeanza na betri za gridi, ili umeme wa usiku utumike jioni. Pili ni bei: bei ya nusu kwa viwanda usiku ilianza Desemba 2017, kwa sharti kwamba mwenye kiwanda kwanza avuke kiwango chake cha kawaida cha matumizi. Sharti la namna hiyo likilegea, mvuke wa Olkaria utapata kazi.