Dumuzi Yuko Kwenye Nguzo

Msikilizaji, ukitaja ghala hapa Rujewa watu hufikiria mpunga. Lakini ugali hutoka kwenye mahindi, na mahindi ndiyo chakula cha dumuzi, yule ambaye wengi humwita skania. Kwa asili mdudu huyu ni mtoboa miti wa Meksiko na Amerika ya Kati. Baadhi ya ndugu zake wa familia moja hutoboa mashina ya mizabibu. Hapa nchini aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajaondoka.

Sasa, mkulima ananunua dawa ya unga, anainyunyizia juu ya mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kisha anashangaa kuona yanaendelea kuliwa. Dawa haifiki ndani, ambako dumuzi amejichimbia. Pukuchua kwanza, kausha vizuri, ndipo uchanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Au tumia mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, ambayo haihitaji dawa. Ndiyo, ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, lakini mahindi yaliyogeuka vumbi hayana mnunuzi.

Halafu kihenge chenyewe. Nguzo na fito zenye matundu na ungaunga ni makazi ya dumuzi hata mahindi yakiisha. Zitolewe, zichomwe pamoja na magunzi ya mwaka jana, kabla mavuno mapya hayajaingia.

Anayelalamika kwamba jirani yake hasafishi ana hoja: dumuzi huruka. Hili ni la kupangwa kwenye mkutano wa kijiji, tena kabla ya mavuno.