Mjumbe wa Tawi na Mwaka Wake: Uwakilishi katika Chama cha Kemia cha Marekani



Mwezi Agosti 1890 wanakemia wa Marekani walikutana Newport, mji wa pwani katika jimbo la Rhode Island. Ukilitazama tukio hilo leo utasema ni mkutano wa kawaida wa wataalamu. Wakati ule, hata hivyo, uhai wa chama chao ulikuwa shakani. Chama cha Kemia cha Marekani kilikuwa kimezaliwa jijini New York tarehe 6 Aprili 1876. Kilijiita cha taifa zima, lakini vikao vilifanyika New York na waliokiendesha walikuwa wa New York. Mwanakemia wa mji mwingine alilipa ada, akasubiri jarida, basi. Wenzao wa Washington walichoka wakaunda chama chao mwaka 1884. Frank Wigglesworth Clarke na Harvey Wiley walikuwa miongoni mwa waliodai chama ambacho kingekuwa cha kitaifa kwa matendo yake.

Newport ilikuwa mwanzo wa jibu. Katiba ilirekebishwa, wanachama wa mahali pamoja wakaruhusiwa kuunda tawi lao, na mwaka 1891 tawi la Rhode Island likawa la kwanza. Mwaka 1893 chama cha Washington nacho kikaingia kama tawi. Historia hii naitanguliza kwa makusudi. Matawi yale hayakubuniwa na makao makuu ili kurahisisha ukusanyaji wa ada. Yalikuwa sharti la watu wa pembeni: mkitutaka ndani, tutaingia na sauti yetu. Swali la mada yangu ni namna sauti hiyo inavyotumika mwaka hadi mwaka, kwa sababu sauti iliyoandikwa kwenye katiba tu haimsaidii mtu.

Kwa sasa chama hicho kina matawi yapatayo 185. Juu yake kuna vyombo viwili. Bodi ya Wakurugenzi ndiyo inayobeba dhamana ya kisheria na mali ya chama, na Baraza ndilo mahali wajumbe wa matawi wanapokaa pamoja na wajumbe wa divisheni, yaani makundi ya fani kama kemia hai au kemia changanuzi. Kwa mujibu wa kanuni, asilimia 80 ya wajumbe wa kuchaguliwa hutoka katika matawi na asilimia 20 katika divisheni. Tawi kubwa hupata wajumbe wengi zaidi, lakini hata tawi dogo kabisa halikosi angalau mmoja. Naomba tulizingatie hilo la mwisho. Mwalimu wa chuo kidogo katika mji usiojulikana ana mtu wa kumtuma, na mtu huyo anapiga kura iliyo sawa na ya mjumbe wa Boston.

Rais wa chama ndiye anayeongoza vikao vya Baraza, ilhali Bodi ina mwenyekiti wake. Mgawanyo huo naupenda: anayechaguliwa na wanachama wote anakaa mbele ya wawakilishi wao na kuulizwa maswali.

Sasa tuufuate mwaka wenyewe. Mjumbe huchaguliwa na tawi lake kwa miaka mitatu, na muhula wake huanza Januari 1. Kabla hajazoea kiti, tawi linadaiwa taarifa ya mwaka uliopita: shughuli zilizofanyika, fedha zilizotumika, viongozi waliopo. Mjumbe si lazima awe ndiye anayeiandika, lakini mjumbe asiyeisoma taarifa ya tawi lake ataenda Barazani kusema nini? Wiki kadhaa kabla ya kikao hupokea makabrasha, na hapo ndipo kazi inapoanza hasa. Makabrasha hayo ni manene. Yana mapendekezo ya kubadili kanuni, taarifa za kamati, hesabu, na majina ya wanaopendekezwa kugombea. Wajumbe wa kanda moja hukutana kwanza wao kwa wao kabla ya kikao kikuu, wakapitia hoja na kuulizana maana ya kifungu hiki na kile. Kikao kikuu chenyewe hufanyika mara mbili kwa mwaka, wakati wa mikutano mikuu ya kisayansi ya chama, mmoja wa majira ya kuchipua na mwingine wa mwisho wa kiangazi.

Katika kikao cha kwanza ndipo mjumbe anaposhika kitu kizito kuliko vyote. Kwa utaratibu uliozoeleka, Kamati ya Uteuzi na Uchaguzi huleta majina manne ya watu wanaofaa kuwa Rais Mteule. Wajumbe hupiga kura, na wawili wanaobaki ndio wanaopelekwa kwa wanachama wote kuchaguliwa baadaye mwakani. Atakayeshinda hukaa mwaka mmoja kama Rais Mteule, mwaka wa pili kama Rais, na wa tatu kama Rais aliyemaliza muda, na miaka yote mitatu huwa ndani ya Bodi. Kwa maneno mengine, uongozi wa miaka mitatu ijayo unapunguzwa kutoka wanne hadi wawili asubuhi moja, mikononi mwa watu waliotumwa na matawi. Mwanachama wa kawaida akija kupiga kura, nusu ya uamuzi imekwishafanyika. Kwa wakurugenzi wa kanda nako wajumbe wa kanda husika ndio wanaochuja majina kabla ya wanachama kupiga kura, na wakurugenzi wasio na kanda huchaguliwa na wajumbe wenyewe moja kwa moja.

Kwa hiyo mjumbe anayesema "mimi nimekwenda kusikiliza tu" amelinyima tawi lake kura yenye nguvu kuliko zote.

Ada nayo imekuwa ikipita Barazani. Wajumbe walikuwa wakipiga kura kila mwaka kuamua kiwango cha mwaka unaofuata, na kwa njia hiyo ada ya 2019 ilifika dola 175. Katika jambo kama hilo mjumbe hawezi kujificha, maana akirudi nyumbani anakutana na watu wanaoilipa: mwanakemia wa kiwanda, mstaafu, kijana aliyemaliza shahada jana na bado hana kazi.

Kuhusu kubadili kanuni, chama hicho kina desturi ambayo ningependa kila chama chetu kiiazime. Pendekezo husomwa na kujadiliwa katika kikao kimoja bila kupigiwa kura, kisha huamuliwa katika kikao kinachofuata. Katikati kuna miezi kadhaa, na miezi hiyo imewekwa ili mjumbe arudi kwenye tawi na kuuliza. Ukiondoa nafasi hiyo, mjumbe anabaki kupiga kura kwa akili yake peke yake, hata awe na akili kiasi gani.

Na baada ya kila kikao, makao makuu huandaa muhtasari mfupi wa mambo yaliyoamuliwa na kuwatumia wajumbe, mahususi kwa ajili ya kutoa mrejesho kwenye matawi. Muhtasari huo hauandikwi kwa ajili ya magazeti. Ni msaada kwa mjumbe, asije akasema nilisahau au sikuandika.

Ndugu wanasemina, hili la mrejesho linanigusa. Nilipata kuwa mwanachama wa chama kimoja cha kitaaluma ambacho tawi letu lilimchangia mjumbe nauli na posho kwenda mkutano mkuu. Alirudi, tukakutana naye njiani, tukasalimiana, miezi ikapita. Ada ilipopanda tulisoma kwenye tangazo. Tulipomuuliza alijibu kwa upole kabisa kwamba jambo lile lilipita bila kupingwa. Alikuwepo, na mkono wake ulikuwa miongoni mwa iliyonyooshwa. Sikumchukia, kwa sababu hatukuwa tumempangia siku ya kutuambia, wala yeye hakuwa na karatasi ya kusomea. Tulimtuma kama barua isiyo na anwani ya kurudishia majibu.

Sidai kwamba mfano wa Marekani hauna kasoro. Baraza la mamia ya watu ni kubwa, na mjadala wa kina ni mgumu ukumbini. Kazi kubwa hufanyika kwenye kamati, na mjumbe asiyeingia kwenye kamati yoyote hubaki pembeni. Safari mbili kwa mwaka ni gharama, na mwajiri asiyeona faida yake hatoi ruhusa. Ndiyo maana kuna wajumbe mbadala, na ndiyo maana matawi mengi huwarudisha watu wale wale muhula baada ya muhula, jambo ambalo lina faida ya uzoefu na hasara ya kuwafungia mlango vijana. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia mkutano wa Philadelphia, kazi ililazimika kuendelea kwa njia ya mtandao, na ikaonekana kwamba kuna mambo yanayoweza kuamuliwa bila mtu kupanda ndege.

Lakini njia ile ya kutoka tawini hadi juu imewapandisha watu ambao huenda mlango mwingine usingewafungukia. Henry Aaron Hill alipata shahada ya uzamivu katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts mwaka 1942, katika nchi ambayo Mmarekani mweusi alifungiwa milango mingi ya ajira. Alifanya kazi katika Tawi la Kaskazini Mashariki, lile la Boston na vitongoji vyake, hadi akawa mwenyekiti wake. Akaenda Barazani, akaingia kwenye kamati zilizoshughulikia hali za kazi za wanakemia, akapigania miongozo ya namna waajiri wanavyopaswa kuwatendea wataalamu wao, akafika kwenye Bodi. Mwaka 1977 akawa Rais wa chama, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka uliofuata ukamleta Anna Harrison, mwanamke wa kwanza. Tawi lake Hill hadi leo hutoa tuzo yenye jina lake kwa wanaolitumikia.

Hill hakufika Barazani kama mgeni. Hoja ya masharti ya ajira aliifahamu kwa watu wenyewe, aliokaa nao kwenye vikao vya jioni vya tawi, na alipoisimamia ngazi za juu alikuwa akisema jambo ambalo wengi walikuwa wamelisema chini.

Ombi langu kwenu viongozi wa matawi ni moja, na linaweza kutekelezwa kabla ya uchaguzi ujao. Siku mtakayomchagua mjumbe, mpangieni pia tarehe mbili: ya kukaa naye kupitia makabrasha kabla hajaondoka, na ya kupokea mrejesho wake akirudi. Tarehe hizo ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao, mbele yake, siku hiyo hiyo. Asiyeweza kuzikubali, achaguliwe mwingine.